Utepe Mwekundu Kwenye Muhengeri

Mgeni akibisha hodi mikono mitupu, mpe kiti. Akija na kompyuta ya mkononi na tabasamu, hesabu kwanza kuku wako. Hayo ni maneno yangu mwenyewe, sikuyarithi kwa mtu, na kwa miaka hamsini na mitatu niliyokaa hapa Ntobeye yamenisaidia sana. Yaliniponza mara moja tu. Hiyo mara moja nitaieleza mimi mwenyewe, maana gulioni wameshaieleza wanavyotaka, na Frida ndiye anayeongoza kwaya.

Naitwa Kanyange, ingawa wengi wananiita Mama Clarisse. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi nikiwa mgongoni, na mume wangu Ndayisenga alivuka vilevile. Shamba letu tulimegewa na mzee mmoja mwenyeji, Mhangaza, baba yake jirani yangu Sostenes, mbele ya mashahidi, na siku hiyohiyo ikapandwa miti ya mulamula kwenye mpaka. Huku kwetu mulamula ndiyo hati. Ukiukata unachipua, ukiuchoma unachipua, na mtu mwenye akili timamu hauhamishi, kwa sababu ulipandwa watu wakitazama. Baadaye mbuzi walipozidi tulichomeka muhengeri katikati yake, ukawa ua mnene wa miiba na maua ya rangi mbili, hatua tisini kutoka barabarani mpaka bondeni. Hati ya karatasi hatuna. Ndayisenga alifariki, mwaka wa nne sasa, na kaburi lake liko kule juu karibu na barabara, hatua mbili kutoka kwenye huo ua.

Shika hapo kwenye kaburi, kwa sababu mambo yote yanazunguka hapo.

Mwezi wa sita tuliitwa mkutanoni kwenye ofisi ya kijiji. Alikuwepo Novatus, bwana shamba wa kata, kijana mpole mwenye pikipiki inayokohoa, na dada mmoja anaitwa Joyness, aliyetoka mjini na mradi. Wakasema wanachora ramani ya mimea vamizi, Ngara na Biharamulo, kuanzia kwetu hadi huko Kaniha, halmashauri na wananchi pamoja. Wakataja gugu karoti, lile linalowasha ngozi na kuyafanya maziwa ya ng'ombe yawe machungu. Hilo tukapiga makofi. Kisha Joyness akainua tawi la kitu alichokiita lantana. Aka! Muhengeri wetu! Akasema nao ni mvamizi, unameza malisho, ng'ombe akiula anaumwa, na utaondolewa kidogo kidogo. Kila kitongoji kichague watu wawili wa kutembea na simu ya mradi na kuandika ulipo.

Hilo neno kuandika liliniingia vibaya. Mwaka ule wa operesheni ya kuwaondoa wahamiaji walianza hivyohivyo, kwa daftari na upole. "Tunahesabu tu, mama." Mdogo wangu Desderius akataja jina lake akicheka, akawakaribisha na maji ya kunywa. Wiki ya pili lori likaja, likamvusha mpaka, yeye aliyezaliwa hapahapa Ngara. Hakurudi mpaka leo. Kwa hiyo usiniambie kuandikwa ni kuandikwa tu.

Nikasimama. "Dada, hiyo ramani yako inaonyesha na mashamba ya watu?"

Joyness akafurahi kuulizwa. "Inaonyesha kila kitu, mama! Tena tuna picha za setelaiti za miaka kumi na mitano nyuma. Tunaona lantana ilipokuwa zamani, na jinsi ilivyotembea mpaka ilipo leo."

Nikachukua mtandio wangu nikaondoka, na nyuma yangu nikasikia Novatus anaanza kueleza mambo ya tepe nyekundu. Sikugeuka. Laiti ningegeuka, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hata padri sijamwambia. Ule ua ulitembea kweli, na aliyeutembeza ni mimi.

Si kwa siku moja. Kila kiangazi nilipogoa upande wangu tu, upande wa Sostenes nikauacha ujinyooshe. Muhengeri ukiukata huku unatambaa kule. Mwaka huu shubiri, mwaka kesho hatua, nami nafuata nyuma na jembe taratibu, napanda maharage. Kule chini bondeni kuna mawe, sikuhangaika napo, ua ukanenepa tu wenyewe. Lakini kule juu kwenye udongo mzuri nilikuwa nimemla Sostenes hatua nne. Mulamula wa juu niliung'oa na mizizi yake, Mungu anisamehe. Ile ya chini ilimezwa na kichaka, nikadhani imekwisha kufa. Ndayisenga sikumwambia lolote, yeye alikuwa mtu wa kahawa zake na redio yake.

Alipofariki wakaniuliza azikwe wapi. Nikanyoosha kidole pale juu, udongo laini, karibu na barabara. Nilikuwa nalia, sikupima. Usiku wa matanga ulipokwisha ndipo ikanijia: nimemzika mume wangu kwenye shamba la mtu.

Unaelewa uzito wake? Wenzetu wa Biharamulo walioishi pale vizazi na vizazi hawaulizwi wametoka wapi. Sisi tunaulizwa. Na mtu wetu akiulizwa na hana karatasi, anaonyesha kaburi, anasema wangu amelala hapa. Mpaka ukirudishwa mahali pake, mimi nitaonyesha nini? Kaburi liko kwa Sostenes. Akitaka, anapanda mihogo juu yake.

Na nani unadhani alichaguliwa kushika ile simu kitongoji chetu? Sostenes! Jirani yangu, mtu wa maneno matano kwa wiki. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi huo mshindo niliusubiri miaka yote. Nilipomwona siku ya kwanza amesimama kwenye ua wetu, simu ameiinua kama anaomba mtandao, nikajibanza nyuma ya mgomba. Akapiga hatua tatu, akasimama, akabonyeza. Akapiga tatu, akabonyeza. Alipofika usawa wa kaburi akakaa pale muda mrefu, anatazama simu, anatazama kaburi, anatazama simu.

"Shemeji, unatafuta nini hapo?" nikamrushia. Ananiita shemeji nami namwita shemeji, kwa sababu yeye na Ndayisenga walikuwa marafiki.

"Naandika muhengeri," akasema. Basi. Akaondoka.

Baada ya siku mbili akarudi. Palepale kwenye kaburi. Akatikisa kichwa. Wiki iliyofuata akarudi mara ya tatu, safari hii na Novatus, wakanong'ona, wakafunga utepe mwekundu juu, mwingine katikati, mwingine chini. Mashamba mengine alipita mara moja. Kwangu mara tatu! Hebu niambie wewe, ungekaa unasuka mkeka?

Nikamwendea Frida gulioni. Frida anauza ndizi na habari, na habari haongezi bei. Akaniangalia kwa huruma ile inayochoma.

"Mama Clarisse, nyekundu si ya kubomoa? Zile alama za X kwenye nyumba za barabarani zilikuwa rangi gani? Za kijani? Halafu nasikia shamba likikutwa na lantana linaandikwa la serikali."

"Nani kasema?"

"Watu." Akanifungia ndizi. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Nilirudi nyumbani mbio. Binti yangu Clarisse, aliyesoma mpaka kidato cha nne na hana woga na mtu yeyote, aliacha sufuria akanisikiliza.

"Mama, nenda kamuulize baba Sostenes."

"Nimuulize mwizi kama anataka kuiba?"

"Ameiba nini?"

Ningemwambia nini, kwamba mwizi ndiye aliyemzaa? Nikamwambia akoroge ugali wake.

Usiku ule sikulala vizuri, nikapanga. Picha yao ya setelaiti inafuata muhengeri. Muhengeri ukikosekana, watafuata nini? Hakuna ua, hakuna utepe, hakuna wa kusema ulikuwa hapa au pale. Kitakachobaki ni maharage yangu na kaburi langu, na nani atamwambia mjane kwamba kaburi la mumewe limekosea njia? Wallahi niliona nimepata akili ya mwanasheria, mimi Mkristo wa kubatizwa naapa kiapo cha jirani zangu Waislamu.

Nikachagua Jumapili, watu wote wakiwa misani. Clarisse nilimtuma Nyakisasa kwa shangazi yake. Kiangazi kilikuwa kimekolea, chini ya ua majani yamekauka tele. Nikawasha chini bondeni. Moto ukapanda juu unapasuka, pa! pa! pa!, na mimi nikatembea nao na tawi bichi mkononi, nikijisifu. Tepe zikakunjamana zikaanguka. Nikacheka peke yangu.

Kisha upepo ukageuka.

Nyasi za kaburini zilikuwa kavu, nilikuwa sijazifyeka tangu Pasaka. Moto ukazirukia. Nikakimbia, nikapiga na tawi, tawi likawaka. Msalaba wa Ndayisenga ni wa mbao. Nikaanza kupiga kelele, na niliokuwa nawakimbia ndio niliowaita. Wa kwanza kufika alikuwa Sostenes, ametoka kanisani mbio, na koti lake la misa, lile la kijivu analolivaa tangu harusi yake. Upande wa pili moto ulikuwa umeingia kwenye kahawa zake, miche minne inaungua, hakuitazama. Alivua koti akaanza kupigapiga moto kaburini, akapiga mpaka ukazimika na koti likawa kitambaa cha deki. Msalaba ukabaki na weusi chini tu.

Na unajua niliwaza nini? Nimeapa kusema kweli, nitaisema. Niliwaza, huyu anatunza ushahidi.

Akakaa chini anahema. Watu wakaja, wakazima kahawa, wakasema pole, wakaulizana. Moshi ukapungua. Na moshi ulipopungua, sote tukaona.

Kule chini, ndani ya kile kichaka nilichokiacha miaka yote, ilikuwa imesimama mulamula minne. Meusi mashina yake, majani yamebabuka, lakini hai, imenyooka mstari mmoja kama siku ilipopandwa. Mwenye macho haambiwi tazama. Ukiufuata ule mstari kwa jicho kwenda juu, haufiki nilipokuwa na ua. Unapita katikati ya maharage yangu, unaliacha kaburi la Ndayisenga ng'ambo. Upande wa Sostenes.

Nilikuwa nimechoma blanketi lililonifunika mwenyewe. Watu mmoja mmoja wakaanza kuaga. Frida aliaga wa mwisho, ameangalia kila kitu mara mbili. Sostenes akaokota koti lake, akaangalia ile mulamula, akaniangalia mimi.

"Pole na moto, shemeji," akasema. Akaenda zake.

Jumatatu asubuhi wakaja, Novatus na Joyness, na Sostenes nyuma yao. Clarisse alikuwa amerudi, nimemweleza yote, na hakunigombeza, jambo ambalo liliniuma zaidi. Akasimama kando yangu.

"Shikamoo mama," Novatus akasema.

"Marahaba. Semeni mlichokuja kusema."

Joyness alikuwa karibu kulia. "Mama, kwa nini umechoma? Utepe mwekundu maana yake usiguswe! Tulieleza mkutanoni. Lantana yoyote iliyo mpaka wa watu inafungwa utepe, haiondolewi mpaka majirani wawili wasimame pamoja wapande mmea mwingine mahali pake. Hatutaki kuwaacha watu bila mpaka."

"Nilikuwa nimeshaondoka."

"Na picha zetu si za mashamba, ni za magugu."

"Hilo nalo ulilisema baada ya mimi kuondoka?"

Novatus akakohoa kama pikipiki yake. Akafungua kompyuta ya mkononi. "Leo ilikuwa siku yenu ya kuhakiki. Kumbukumbu ya ua huu ipo, iliandikwa wiki tatu zilizopita." Akasoma. "Lantana, ua, hatua tisini. Mpaka wa Sostenes na Mama Clarisse. Jirani amekubali mpaka ulipo sasa. Kaburi la Ndayisenga liko ndani ya shamba la Mama Clarisse." Akageuza kioo tuone. Mstari mwekundu ulishuka kutoka barabarani, na kando yake, upande wangu, kulikuwa na msalaba mdogo.

Sikuelewa. Nikamgeukia Sostenes. "Nani aliandika hivyo?"

"Mimi."

"Ulikuja hapa mara tatu!"

"Simu ilikuwa inayumba," akasema. "Setelaiti zinakosea hatua tatu nne, Novatus alituambia. Mara ya kwanza ikaliweka kaburi kwangu. Mara ya pili ikaliweka kwangu. Nikamwita Novatus tuje tusubiri pamoja mpaka iliweke kwako."

Hapo ndipo ningetakiwa kunyamaza, lakini mimi mdomo wangu haujui njia ya nyumbani. Nikamnyooshea kidole kwenye ile mulamula. "Na hiyo? Hiyo jana uliiona au hukuiona? Baba yako aliipanda! Usinichezee, Sostenes. Kama unataka shamba lako sema mbele ya serikali, usinifanyie huruma ya mbwa mwitu!"

Mtu wa maneno matano kwa wiki, siku ile alitumia ya mwaka mzima.

"Shemeji, mimi nililichimba lile kaburi. Mimi na Anastazi, asubuhi ile wewe umelala ndani huwezi kusimama. Unadhani sikujua nachimba shamba la nani? Mulamula wa juu nilikuwepo ulipopandwa, nilimshikia baba jembe. Nilikuona unaung'oa. Nilikuona unapogoa upande mmoja, kila kiangazi. Nikamwambia Ndayisenga siku moja tukinywa, nikitaka tucheke. Hakucheka. Aliona aibu, akasema atakwambia urudishe, akaugua. Basi Anastazi akaniuliza, tuchimbe hapa kweli? Nikamwambia chimba."

Nikaugeukia ule msalaba wenye weusi chini.

Ndayisenga alijua. Alikufa anajua, na hakunifungulia mdomo hata siku moja. Miaka yote hii nimemlinda kwa hofu mtu ambaye alikuwa akiniwekea siri mimi. Nikakaa chini pale pale kwenye majivu, kitenge kizuri na kila kitu, nikalia kwa sauti, sikujali Joyness wala setelaiti yake. Clarisse akanishika bega.

Nilipomaliza kulia nikajifuta kwa mkono wenye masizi. "Novatus, andika," nikasema. "Mpaka uko kwenye mulamula."

"Uko kwenye utepe," Sostenes akasema.

"Kwenye mulamula, nimekwambia!"

"Nimeshaandika utepe, shemeji."

"Basi futa!"

Novatus akamtazama Joyness. "Kata nzima nimetembea," akasema, "watu wananivutia mashamba kila mmoja kwake. Hawa wawili sijui niwaweke kwenye fomu ipi."

Tulibishana mpaka jua likawa kali. Mwishowe Clarisse, ambaye hakuulizwa, alichukua kamba ya mbuzi akaifunga kwenye mulamula wa juu kabisa katika ile minne, akatembea nayo moja kwa moja kupanda, kupita maharage yangu. Alipokaribia kaburi akakunja kona, akalizunguka kwa hatua mbili pande zote, kisha akarudi kwenye mstari hadi barabarani. Akageuka akamtazama Sostenes. Sostenes akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaitikia pia. Novatus akaufuata ule mkunjo wa kamba na kompyuta yake, anabonyeza.

Ukienda ofisi ya kata utaiona ramani ukutani. Mipaka ya kitongoji chetu yote imenyooka isipokuwa mmoja, una kitu kama kiwiko pale juu. Wageni huuliza kama ni kosa la mashine. Frida ana jibu lake, na kusema kweli safari hii hakukosea sana.

Vipandikizi vya mulamula alivileta Sostenes, tukapanda pamoja, mimi nachimba yeye anashindilia, hatuongei. Koti nilimshonesha jingine kwa fundi pale Ngara mjini, la kijivu vilevile, na miche minne ya kahawa nimempa. Mvua za vuli zilinyesha vizuri, yote imeshika. Mingine imeanza kunenepa inataka mkasi. Naipogoa pande zote mbili.